Uongozi kwenye miradi ya afya na maendeleo vijijini: habari mbaya inamfikia nani?

#1 Mleta mada

Wakuu, salaam.

Nimekaa kwenye kazi za afya ya jamii muda wa kutosha kuchoshwa na semina za uongozi. Mnakusanywa ukumbini, mwezeshaji anachora miduara ubaoni, mnagawanywa vikundi, mnaandika dira kwenye karatasi kubwa, mnapiga picha ya pamoja. Jumatatu mkirudi kazini mambo ni yale yale. Aliyefundishwa ni mtu mmoja mmoja, ila ngazi za maamuzi, bajeti na fomu za taarifa mnazikuta vilevile mlivyoziacha.

Hoja yangu ni hii. Ukitaka kujua kama taasisi ya afya au ya maendeleo vijijini ina uongozi, achana na dira na muundo uliobandikwa ukutani. Fuata habari mbaya. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii akiona jambo haliendi, anamwambia nani? Inachukua muda gani kumfikia mwenye mamlaka ya kubadili? Na aliyeileta anaondoka na shukrani au na barua ya kujieleza?

Nianze na BRAC, shirika lililoanzishwa Bangladesh mwaka 1972 na Fazle Hasan Abed, mhasibu aliyeacha kazi kampuni ya Shell. Mwaka 1980 walianza kupita nyumba kwa nyumba kuwafundisha kina mama kutengeneza maji ya kumpa mtoto anayeharisha: chumvi ya kuchota kwa vidole vitatu, sukari guru ya kujaa kiganja, maji kama nusu lita. Kwa miaka kumi walifikia kaya zipatazo milioni 12. Ila sikiliza walivyolipana. Mwalimu hakulipwa kwa idadi ya nyumba alizopita. Msimamizi mwingine alikuja baadaye, akachagua baadhi ya nyumba, akawapima kina mama. Kadiri mama alivyokumbuka na kupatia, ndivyo mwalimu alivyolipwa.

Wengi wangeishia hapo na kuandika taarifa ya mafanikio. Wao wakaenda kuangalia kama mama anayatumia kweli siku mtoto akiharisha. Matumizi yalikuwa madogo ajabu. Walipochimba wakakuta mambo mawili ya aibu. Kwanza, baadhi ya walimu wenyewe hawakuyaamini yale maji. Wakiharisha wao, walitafuta vidonge. Pili, wanaume, ambao ndio wenye kauli ndani ya kaya, hakuna aliyewaeleza chochote. Basi walimu wakafundishwa upya namna chumvi na sukari zinavyousaidia utumbo kunyonya maji, wakatakiwa kuyanywa mbele ya kina mama, na watu wakatumwa kuzungumza na wanaume misikitini na magulioni.

Kinachonivutia pale ni kwamba kulikuwa na watu wenye mshahara ambao kazi yao ilikuwa kutafuta kilichoshindikana. Taasisi ngapi mnazozijua zina nafasi ya kazi kama hiyo?

Mfano wa pili ni ndui. Shirika la Afya Duniani (WHO) liliongeza nguvu mpango wa kuitokomeza mwaka 1967, chini ya daktari Mmarekani D.A. Henderson. Kabla ya hapo mafanikio yalihesabiwa kwa dozi: tumechanja wangapi. Hesabu zilipendeza, ndui ikaendelea. Mwishoni mwa 1966, mashariki mwa Nigeria, daktari mwingine Mmarekani, William Foege, na wenzake walijikuta na chanjo isiyotosha watu wote. Wakatumia redio za wamisionari kuulizia mgonjwa yuko kijiji gani, wakachanja waliomzunguka. Toka hapo swali la kila asubuhi likawa: ugonjwa uko wapi leo?

India ndiko ilikokuwa ngumu. Kwa miaka mingi ofisa aliyeripoti wagonjwa wengi alionekana mzembe, kwa hiyo wagonjwa walifichwa kwenye karatasi. Kuanzia mwishoni mwa 1973 wahudumu wakatumwa kupekua vijiji, baadaye nyumba kwa nyumba, na anayeripoti mgonjwa akaahidiwa zawadi ya fedha. Msako wa kwanza tu uliibua maelfu ambao hawakuwa kwenye taarifa yoyote. Mwaka 1974 India iliandikisha wagonjwa zaidi ya 180,000. Jiweke kwenye kiti cha mkurugenzi: umeomba fedha zaidi, umebadili mbinu, na grafu inapaa namna hiyo. Magazeti yanakuandama, wanasiasa wa jimbo la Bihar wanataka mrudi kwenye utaratibu wa zamani wa kuchanja kila mtu. Foege alisimulia kwamba katika kikao kimoja waziri wa jimbo alikuwa ameshaamua hivyo, hadi daktari kijana wa pale pale akainuka na kusema kwamba kijijini kwao nyumba ikiwaka moto, maji humwagwa kwenye nyumba inayowaka, si kwenye nyumba zote. Wakaongezewa mwezi mmoja.

Mei 1975 India ikapata mgonjwa wake wa mwisho. Oktoba 1977 ikawa zamu ya Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali huko Merca, Somalia, mgonjwa wa mwisho duniani aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida. Mei 1980 dunia ikatangaziwa kwamba ndui imekwisha.

Watu husimulia habari hii kwa kumsifu Henderson au Foege. Mimi namtazama yule daktari kijana. Aliwezaje kumpinga waziri mbele ya watu, na kesho yake akarudi kazini?

Karibuni.

#2

Mleta mada, nimekusoma mpaka mwisho na nakubaliana nusu. Umechagua mifano iliyofaulu.

Kwenye mradi wa kawaida anayebeba habari mbaya anabeba na ajira za wenzake. Mfadhili anataka taarifa ya robo mwaka: jedwali la viashiria, kila kimoja na rangi yake, kijani, njano au nyekundu. Nyekundu zikizidi, simu inalia. Kwa hiyo ofisa wa wilaya anaipaka nyekundu njano, meneja anaipaka njano kijani, na makao makuu wanaandika "mafanikio makubwa". Hakuna aliyedanganya sana. Kila mmoja kaongeza chumvi kidogo, na aliye chini kabisa, aliyeandika ukweli, haoni kilichobadilishwa. Utamlaumu nani hapo? Ukileta mambo ya ujasiri wa kiongozi nitakuuliza, ujasiri wa kulisha familia ya nani?

#3

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Huwa nasoma tu, leo nachangia.

Nina rejista nne, kila mradi na ya kwake, na zote zinauliza idadi. Kaya ngapi, wajawazito wangapi, waliopewa rufaa wangapi. Hakuna safu inayouliza kwa nini mama fulani amekataa kwenda zahanati. Nikimweleza msimamizi kwa mdomo anaitikia kwa kichwa, anasaini rejista, anawahi gari. Usimamizi shirikishi kwetu maana yake ni hiyo saini.

Halafu mimi ni wa kujitolea. Mtu asiye na mkataba akigombana na msimamizi wake, anakwenda kudai wapi?

#4 Mleta mada

#3, asante kwa kuvunja ukimya. Nakujibu wewe kwanza, #2 atanisubiri.

Nenda Jamkhed, kijijini kabisa katika jimbo la Maharashtra, India. Raj na Mabelle Arole, mke na mume, wote madaktari, walianza kazi pale mwaka 1970. Mwanzo waliwategemea wauguzi waliosomea, wakawapeleka vijijini, mambo hayakwenda: hawakuwa watu wa pale. Wakageukia wanawake waliochaguliwa na vijiji vyenyewe. Wengi hawakujua kusoma, wengine walitoka kwenye matabaka ambayo watu wa tabaka la juu walikuwa hawapokei hata maji mikononi mwao. Kila wiki wanawake hao walikuja kituoni, wakalala hapo, wakasimulia yaliyotokea vijijini mwao, na somo la wiki hiyo likatokana na waliyosimulia.

Linganisha na msimamizi wako anayewahi gari. Pale Jamkhed usimamizi wenyewe ulikuwa simulizi. Mwanamke akisema "mtoto alikufa na dawa nilikuwa nayo," wenzake walimwuliza ilikuwaje, na kesho yake daktari alijua kijiji hicho kina shida gani ambayo hakuna rejista ingeweza kuiandika. Nasisitiza: daktari alikuwepo chumbani. Ukiwaachia wahudumu wasimuliane peke yao halafu mwenye maamuzi asomewe muhtasari, umeshaharibu.

Kuhusu malipo nakubaliana nawe bila masharti. Ethiopia ilipoanzisha mpango wake wa huduma za afya vijijini kuanzia 2003 haikutegemea kujitolea. Iliajiri wahudumu zaidi ya 30,000, karibu wote wanawake, waliosoma mwaka mmoja, wawili kwa kila kituo kidogo cha kebele (ngazi ya chini kabisa ya utawala kule), na wakawa waajiriwa wa serikali wenye mshahara. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2018 nao unapendekeza wahudumu wa ngazi ya jamii walipwe kulingana na kazi, wawe na makubaliano ya maandishi, wasimamiwe kwa kusaidiwa. Watu huusoma kama suala la haki za wafanyakazi, na ni kweli. Mimi naongeza kwamba ni suala la taarifa pia. Asiye na mkataba hana sababu ya kukuletea habari usiyoipenda.

#5

Swali la haraka kwa mleta mada. Huohuo mwongozo wa 2018 unapendekeza wahudumu wasilipwe kwa kutegemea matokeo peke yake au kwa sehemu kubwa. Na wewe #1 umewasifia BRAC kwa kulipa kwa matokeo. Shika moja.

#6

Mnaongea kana kwamba habari mbaya ikikwama hasara yake ni mradi kufungwa. Tusisahau maendeleo vijijini yana historia ya kutisha kuliko hiyo.

China, 1958. Mashamba yanaunganishwa kuwa jumuiya kubwa, makada wa vijiji wanashindana kutangaza mavuno. Wilaya inaongeza, jimbo linaongeza, na serikali inachukua nafaka kwa kiwango cha mavuno ya kwenye karatasi. Kinachobaki kijijini hakitoshi kula. Julai 1959, kwenye mkutano wa Lushan, waziri wa ulinzi Peng Dehuai alimwandikia Mao, kiongozi wa nchi, barua kueleza wasiwasi wake. Akavuliwa wadhifa, na ikafuata kampeni ya kuwaandama wote waliodhaniwa kufikiri kama yeye. Baada ya hapo kada gani wa kijiji angeandika kwamba ghala ni tupu? Waliokufa kwa njaa hadi inakwisha wanahesabiwa kwa makumi ya mamilioni.

#2, zile rangi zako za njano na kijani ni mtoto wa ukoo huohuo. Tofauti ni ukubwa wa mamlaka ya anayetaka kusikia mazuri.

#7

Niongeze Ebola ya Afrika Magharibi, maana ina pande mbili za jambo hili.

Upande wa juu: tarehe 21 Juni 2014 Madaktari Wasio na Mipaka walisema wazi kwamba mlipuko umeshindikana kudhibitiwa. WHO ilitangaza dharura ya afya ya umma ya kimataifa tarehe 8 Agosti. Hesabu wiki mwenyewe. Waliosema mapema waliambiwa wanatia watu hofu.

Upande wa chini ndio unaosahaulika. Familia zilificha wagonjwa. Tukasikia maelezo kwamba ni ujinga, ni mila. Lakini hebu tazama alichokipata aliyetoa taarifa mwanzoni: ndugu yake anachukuliwa na watu waliojifunika mwili mzima, hamwoni tena, akifa anazikwa bila sala na kaburi halijulikani. Ukitoa taarifa unaadhibiwa, ukinyamaza unabaki na mtu wako. Yeyote angenyamaza. Mambo yalianza kulegea pale viongozi wa dini na wa vijiji walipokaa na timu za mazishi, na Novemba 2014 WHO ikatoa utaratibu mpya wa mazishi salama na yenye heshima, familia ikipewa nafasi ya kushiriki na kusali. Watu zaidi ya 11,000 walikufa katika mlipuko ule.

Kwa hiyo mleta mada, swali lako la "aliyeileta anaondoka na nini" lisiishie kwa wafanyakazi. Mwanakijiji naye ni mleta habari.

#8

#7 umenikumbusha usubi, ugonjwa wa upofu unaoenezwa na inzi wadogo wa mtoni. Kampuni ya Merck ilitangaza mwaka 1987 kutoa bure dawa ya ivermectin, na mpango wa Afrika wa kudhibiti usubi, ulioanza 1995 na makao yake Ouagadougou, Burkina Faso, ukaamua kwamba kijiji chenyewe ndicho kitapanga dawa igawiwe lini, kwa njia gani na nani aigawe. Wataalamu wengi hawakuamini itawezekana. Ikawezekana, kwa mamilioni ya watu, hadi mpango ulipofungwa 2015.

Kwangu hilo ndilo jaribio la kweli la ushirikishwaji. Mkutano wa kijiji ukisema "mwezi huo hatuko, tuko mashambani", ratiba ya mradi inabadilika au haibadiliki? Kama haibadiliki, msiwaite watu kwenye mkutano, waacheni wakalime.

#9

Afya afya tu. Na ushirika je?

Chama cha maziwa cha Kaira, pale Anand, India, kilichozaa Amul, kilianza 1946. Mwenyekiti, Tribhuvandas Patel, alikuwa kiongozi wa wakulima. Meneja, Verghese Kurien, alifika Anand 1949 akiwa mhandisi asiye na mizizi pale. Kurien ndiye aliyejulikana dunia nzima, lakini aliajiriwa na chama cha wafugaji. Hapo ndipo penye siri. Mwenyekiti alishughulika na siasa na wanachama, meneja na mitambo na soko, na bodi ilichaguliwa na wenye ng'ombe na nyati.

Huku chini mfugaji alileta maziwa asubuhi na jioni, yakapimwa mafuta mbele yake, akalipwa kwa kipimo hicho. Akipunjwa, anajua siku hiyohiyo. Mimi nimeona ushirika unakufa kwa sababu mkulima anajua kapunjwa baada ya msimu mzima kupita, wakati kamati imeshagawana posho. Mfumo wa Anand ulisambazwa nchi nzima kuanzia 1970, na kufikia mwisho wa miaka ya 1990 India ikawa ya kwanza duniani kwa uzalishaji wa maziwa.

#10

Uzi mzuri. Swali langu ni la mrithi. Hawa mnaowataja wote ni majabali. Jabali likiondoka? Na fedha zikiondoka? Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada ya nje, miradi ilisimama ndani ya siku chache, na 1 Julai mwaka huohuo USAID, shirika lake la misaada, ikafungwa kama wakala wa kujitegemea. Uongozi gani unahimili hilo?

#11 Mleta mada

Nimerudi. Nianze na #5, maana kanibana.

BRAC walilipa kwa alichokumbuka mama, na aliyepima hakuwa mwalimu. Malipo ya matokeo huharibika pale anayelipwa ndiye anayejaza fomu. Hapo umenunua uongo kwa bei ya kudumu. Hata hivyo, kama ningeandika mkataba leo, ningefuata mwongozo: mshahara wa msingi usioguswa, na kama kuna nyongeza iwe ndogo, ipimwe na mtu mwingine. Nasifu kazi ya upimaji kuliko ile hesabu ya malipo.

#10, kwa mrithi Abed mwenyewe ni mfano. Agosti 2019 aliachia uenyekiti akiwa hai, akakabidhi kwa watu wawili: mmoja kwa Bangladesh, mmoja kwa kazi za nje ya nchi. Alifariki Desemba mwaka huohuo. Mkabidhiano wa miezi michache haujengi mrithi, lakini BRAC ilikuwa na jambo jingine: kwa miongo kadhaa ilijenga biashara zake, benki, maduka, maziwa, kiasi kwamba sehemu kubwa ya bajeti haikutegemea mfadhili. Anayejitegemea hivyo anaweza kusikia habari mbaya bila kuogopa simu. Mdogo mwenye mradi mmoja na mfadhili mmoja hawezi kuiga hilo kesho, nakiri. Fedha za Marekani zilipokatika, wenye nafasi nzuri ya kubaki wakitoa huduma ni wale waliokuwa kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Hapo mpango wa Ethiopia una la kufundisha kuliko semina zote, pamoja na lawama zake kwamba wahudumu wamebebeshwa mzigo mkubwa mno.

#6, sina cha kuongeza. #9, umenifundisha, huo mgawanyo wa mwenyekiti na meneja nimeuona ukivunjwa kila mahali, mwenyekiti anasaini hundi na meneja anahutubia mikutano.

Sasa #2, swali lako gumu kuliko yote. Sitakuambia uwe jasiri. Pambana kabla ya kusaini, wakati mfadhili bado anakuhitaji utekeleze. Omba mambo mawili yaandikwe. La kwanza, sehemu ya bajeti, hata kama ni asilimia 10, ambayo msimamizi wa wilaya anaweza kuihamishia shughuli nyingine bila kuomba kibali makao makuu, mradi aeleze sababu baadaye. La pili, ukurasa wa kwanza wa taarifa ya robo mwaka uwe wa yaliyoshindikana na yaliyobadilishwa, kabla ya jedwali la viashiria, na usihaririwe na ngazi ya juu: uende kama ulivyoandikwa wilayani, na jina la wilaya. Baadhi ya wafadhili hukubali haraka kuliko unavyodhani, kwa sababu nao wana mabosi wanaowauliza kwa nini kila kitu ni kijani. Anayekataa yote mawili, muulize atajuaje mradi ukianza kwenda kombo, na jibu lake liandike kwenye kumbukumbu za kikao.

#12

#11, hicho kipengele cha asilimia 10 tulikiomba kwenye mradi mmoja. Tulipewa 5. Msimamizi wa wilaya alitumia nusu kununua mafuta ya pikipiki ili afike vijiji vya mbali na barabara, na mkaguzi akamwekea hoja ya ukaguzi. Aliyetutetea ni mfadhili, siyo ofisi yetu.

#3

Mimi nimechukua daftari la tano. Safu moja tu: "kwa nini". Msimamizi akija nitampa hilo kwanza asaini.